Hapa jongoo hakutupwa na mti wake

UKIVUKA daraja la Nyali mjini Mombasa na kufuata barabara kuu iendayo Malindi, utafika Haller Park, Bamburi. Msimu wa ziara za shule unapowadia, si ajabu kukuta mabasi yamepanga foleni langoni na wanafunzi wakishuka kwa vifijo.

Mara tu wanapoingia, wengi hukimbilia twiga. Kisha huwa ni zamu ya mamba na kobe wakubwa. Wapo wanaoulizia kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi mnamo Desemba 2004, akaletwa hapa na kufanya urafiki na kobe aliyeitwa Mzee. Kisa hicho ni kitamu. Lakini mwanafunzi akirudi nyumbani na hicho pekee, mzazi atakuwa amelipia nusu ya safari.

Nusu ya pili iko chini ya miguu yao. Mahali hapa palikuwa timbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka wa 1954, na kwa miaka mingi mitambo ilichimba mawe ya matumbawe ya kale ili kutengeneza saruji ya kujengea nyumba zetu. Kilichobaki ni shimo kubwa jeupe, lenye joto kali na lisilo na udongo, huku maji yaliyo chini yakiwa na chumvi.

Mwaka wa 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, na iliyofana zaidi ni mvinje, mti tuuonao ufuoni. Mvinje huvumilia chumvi, na katika mizizi yake huishi vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea.

Hata hivyo, tatizo jingine lilizuka. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka na kurundikana bila kuoza. Pasipo kuoza hakuna mboji, na pasipo mboji hakuna udongo. Ndipo Haller alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna majani hayo. Jongoo wakaletwa kwa mamia. Walikula, kinyesi chao kikawalisha bakteria, na pole pole udongo ukaanza kutanda juu ya mwamba. Miti mingine ikapandwa, ndege wakaja, wanyama wakaletwa. Mwaka wa 1984 umma ukafunguliwa milango.

Wahenga walisema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Hapa jongoo na mti wake walitunzwa pamoja, wakazaa msitu.

Kwa mwanafunzi wa jijini, funzo hili si la kuachwa Pwani. Jaa la Dandora, Nairobi, lilianza kutumika miaka ya 1970, nalo pia lilikuwa timbo. Basi ni matimbo mawili, kila moja na majaaliwa yake: moja likapandwa miti, jingine likajazwa taka. Tofauti haikuletwa na mvua wala bahati, bali na uamuzi wa binadamu na subira ya miaka mingi. Tena msitu wa Bamburi haukurudisha mawe yaliyochimbwa. Kuponya ardhi ni kazi ndefu kuliko kuijeruhi.

Kwa hivyo mwalimu, kabla ya kuwapeleka vijana kwa twiga, wasimamishe kwanza chini ya mvinje. Waonyeshe majani makavu juu, mboji chini yake, na mwamba chini kabisa. Wapekue taratibu wamtafute jongoo, kisha wamwache aendelee na kazi yake.

Nawe mzazi, mtoto akirejea jioni amechoka na viatu vimejaa vumbi, usimwulize aliona wanyama gani. Mwulize udongo ule ulitoka wapi.