Fahali wawili walipotiwa zizi moja

MGENI anayefika Sydney, Australia, hushauriwa asiondoke kabla ya kupanda feri ya kwenda Manly. Safari huchukua kama nusu saa, upepo wa bahari ukimpiga usoni. Akirudi kwa barabara, atavuka daraja la Spit, ambalo hufunguka kupisha mashua, kisha ataingia North Sydney, kwenye uwanja wa zamani wenye mikuyu mikubwa.

Mwendo wenyewe ni mfupi. Hata hivyo, muulize shabiki wa raga na atakwambia kwamba kati ya Manly na North Sydney pana bonde lisilozibika.

Raga ya huko si ile ya wachezaji 15 tuliyoizoea hapa Kenya. Ni raga ya ligi, yenye wachezaji 13 kila upande. North Sydney, maarufu kama Dubu, ni miongoni mwa klabu zilizoanzisha ligi ya Sydney mwaka 1908. Walitwaa ubingwa 1921 na 1922, kisha hawakuuonja tena.

Manly, Tai wa Bahari, waliingia 1947, wakimegewa eneo lililokuwa la Dubu. Kufikia 1996 walikuwa mabingwa mara sita. Kilichowauma zaidi watu wa North Sydney ni kuona wachezaji wao wakivuka daraja. Ken Irvine, winga aliyewafungia trai 171, alihamia Manly na huko akapata ubingwa wa 1972 na 1973.

Jahazi lilianza kwenda mrama 1995, kampuni ya Rupert Murdoch ilipoanza kuunda ligi yake. Mwaka 1997 zilichezwa ligi mbili. Zilipoungana 1998 kulikuwa na timu 20, na iliamuliwa kwamba ifikapo 2000 zibaki 14 tu. Klabu ilikuwa ama iungane na nyingine, ama ijitegemee na kuomba Mungu.

Dubu walikuwa na mpango wa kuhamia Gosford, kaskazini mwa Sydney. Kwa bahati mbaya, ujenzi wa uwanja ulichelewa huku madeni yakipanda. Mwishoni mwa 1999 walijikuta wakifunga ndoa na hasimu wao. Mtoto aliitwa Northern Eagles, yaani Tai wa Kaskazini. Msomaji atakuwa amekwisha kuona kasoro: Tai alibaki kwenye jina, lakini Dubu hakuonekana.

Garimoshi la kwenda Gosford huvuka mto Hawkesbury, kisha hufuata kingo za maji. Uwanja wenyewe, uliofunguliwa 2000, unapendeza. Upande mmoja umeachwa wazi, na mtazamaji huona mitende na maji. Hapo na Brookvale, nyumbani kwa Manly, ndipo mechi zilipogawanywa. North Sydney na mikuyu yake haikupata kitu.

Mashabiki nao? Wa Manly waliona wamebebeshwa mzigo wa jirani. Wa North Sydney wakaona wamemezwa. Katika misimu mitatu, timu haikufika hatua ya mchujo hata mara moja. Ubia ulivunjika na leseni ikabaki mikononi mwa Manly. Mwaka 2003 walirejea kwa jina lao la kale, wakatwaa ubingwa tena 2008 na 2011. Dubu walibaki ligi ya chini.

Mei 2025 ilitangazwa kwamba Dubu watarudi ligi kuu 2027, lakini makao yatakuwa Perth, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka kwenye ile mikuyu. Mtoto aliyezaliwa timu ikizikwa atakuwa mtu mzima wa miaka 27.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Wenye pesa walitia fahali wawili humo, mmoja akatoka na zizi lake. Mwingine amezunguka miaka yote hiyo akitafuta malisho, na jina lake hajalisahau.