Kuhesabu hadi mia si kujua hesabu

Mtoto wa PP2 akisimama mbele ya wageni ataje namba kutoka moja hadi mia, nyumba nzima inapiga makofi. "Huyu ni kichwa!" Sawa. Sasa mwambie akupe vifuniko saba vya soda. Wengine watachota tu kiganja kizima wakupatie.

Wasee, kutaja namba ni kama kuimba, na wimbo unaweza kuuimba bila kuelewa maneno. Mwaka wa 1978, watafiti Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliandika kuhusu mambo ambayo mtoto anayehesabu lazima ashike. Moja ni kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla ya vitu vyote. Mtoto wa dadangu akimaliza kuhesabu vifuniko vitano, nikimuuliza "viko ngapi?", anaanza upya: moja, mbili, tatu... Namba anazo. Maana ndiyo bado.

Na maana haihitaji vitabu vya bei. Cheki mama mboga anavyopanga nyanya, mafungu ya nne nne. Wewe huhesabu, unaona tu kwamba ni nne. Hata dadu ya ludo inafunza macho hivyo hivyo. Mimi huweka vifuniko vitano mezani, nafunika viwili na kikombe, namuuliza: "Vingapi vimejificha?" Hapo anaanza kuona kwamba tano ni tatu na mbili, na pia nne na moja.

Halafu kuna lugha. "Eleven" haimwambii mtoto chochote. Kumi na moja inajieleza yenyewe: weka kumi, ongeza moja. Lakini shule niliyosomea, ukiongea Kiswahili nje ya somo la Kiswahili ulivishwa diski shingoni. Yaani mtoto ananyang'anywa neno linalomweleza, halafu anaitwa mzito.

Hilo ndilo linaniuma. Mtoto akichekwa hesabu akiwa na miaka sita, ataamini. Kufika sekondari utamsikia akisema "hesabu si yangu" kama anayetaja kabila lake.

Kwa hivyo walimu, wacheni watoto washike vitu kabla ya kujaza daftari. Na wewe unayesoma hii, leo ukitumwa nyanya, enda na mdogo wako. Mwache achague fungu, alipe, na akwambie chenji ni ngapi.