Mchuzi wa Zabibu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyolonga wahenga. Mimi nilikuwa mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja: mgeni nchini Tanzania, nilikokwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwenyeji wa marafiki wawili waliotoka Kenya kuja kunijulia hali mwezi wa Agosti 2014. Mmoja alikuwa mwana wa Mombasa, mwenzake mzaliwa wa Kisumu. Walifika usiku, wamechoka kwa safari ndefu ya basi kupitia Namanga na Arusha. Hata kabla ya kunawa nyuso wakauliza, "Yako wapi hayo mashamba ya zabibu tunayoyasikia?"

Swali hilo lilinichoma, nami sikuwaeleza sababu. Baba yangu aliuawa na pombe. Haikuwa divai, la hasha; ilikuwa chang'aa. Karo yangu ya kidato cha pili iliishia katika vikombe vya wagema, nami nikakaa nyumbani muhula mzima nikichunga mbuzi wa jirani. Siku tuliyomzika niliapa kwamba kileo hakitanigusa midomo. Tangu nifike Dodoma, nilikuwa nikiyapita mashamba yale kama mtu apitaye makaburini: macho mbele, mwendo wa haraka. Hata hivyo, mgeni ni mgeni. Asubuhi tukapanda daladala kuelekea Hombolo.

Dodoma ni nchi kame. Mvua hunyesha miezi michache tu, takriban Desemba hadi Aprili, na ifikapo Agosti mibuyu husimama mitupu juu ya ardhi nyekundu. Katikati ya ukavu huo, ghafla, tuliona safu za kijani zilizonyooka, mizabibu ikitambaa juu ya nyaya zilizofungwa kwenye nguzo za miti. Mkulima mwenyewe, mama wa makamo, alikuwa akikata vichala na kuvipanga katika ndoo.

"Habari yako, mama?" akasema rafiki yangu wa Kisumu, mkono mbele. Yule wa Mombasa aliinama kidogo: "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu, karibuni," akaitikia mama, na mwenzetu wa Kisumu akajirudi haraka akaamkia upya. Tulicheka sote.

Hatukuwa na haraka, naye hakuwa mchoyo wa maarifa. Alituambia kwamba mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, nao Wagogo wakajifunza kuitunza. Alitueleza kwamba mzabibu hupogolewa ndipo uchipuze na kuzaa, hivyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na kwamba adui zake ni ndege na ugonjwa wa ubwiri unga. Zabibu ikishachumwa, alisema, haiivi tena. Inataka mnunuzi upesi, au ikamuliwe iwe mchuzi.

"Mchuzi?" aliuliza rafiki wa Kisumu, akidhani chakula kimekaribia. Kumbe huko mchuzi wa zabibu ni divai ghafi kabla haijatiwa chupani! Wanafunzi wa Kiswahili hatukosi la kujadili. Yule wa Mombasa alitukumbusha kwamba katika Kiarabu *zabib* ni tunda lililokaushwa, kama zile zabibu za pilau ya kwao. Neno hilo lilivuka bahari likiwa kavu, likaja kupata maji bara, tena penye ukame.

Adhuhuri tuliketi chini ya mwarobaini, tukala ugali wa mtama kwa mlenda. Kisha mama akaleta chupa na vikombe. Wa Kisumu alipokea kwa mikono miwili. Wa Mombasa alishukuru akakataa kwa ajili ya dini yake. Nami nilipokataa, mama akaniuliza, "Nawe ni Mwislamu, mwanangu?"

Ningeweza kuitikia tu, mambo yakaisha. Badala yake, sijui kwa nini, nilisimulia yote: chang'aa, karo, mbuzi, mazishi. Marafiki zangu, ambao tulikuwa tumejuana miaka mingi, hawakuwa wamewahi kuyasikia. Wa Kisumu akakiweka kikombe chake chini taratibu.

Mama alinyamaza kitambo. Hakunihubiria, wala hakuitetea divai. Alisema tu, "Kuna mwaka mnunuzi hakuja. Zabibu zikaozea hapo hapo unapopaona. Binti yangu alikuwa chuo cha ualimu. Akarudi, akakaa nami nyumbani mwaka mzima."

Maneno hayo yamenikalia kifuani hadi leo. Mimi nilikosa shule kwa sababu kileo kilinunuliwa. Binti yake alikosa chuo kwa sababu hakikununuliwa. Nani kati yetu angemlaumu mwenzake? Nilitafuta jibu chini ya mwarobaini ule, sikulipata. Nilichokipata ni kwamba mikono iliyopanda si mikono iliyolewa, na kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nimeihukumu ile kwa makosa ya hii.

Tulipoaga, mama aliniwekea kichala kizito mkononi. "Hizi bado hazijawa mchuzi," akasema. Tulizila ndani ya daladala, sisi watatu, tukitemea mbegu viganjani, hadi taa za Dodoma zikaonekana. Rafiki wa Kisumu alinishika bega bila neno. Nilijua ananiomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mpenzi msomaji, kiapo changu bado kipo, wala sina nia ya kukivunja. Lakini tangu siku ile, kila nilipopita kando ya mizabibu nilipunguza mwendo, nikageuza uso, nikatazama kama kuna mtu wa kumwamkia.