Je, ungethubutu kuvuka daraja la Randa?

Kuna madaraja ambayo mtu huyavuka bila hata kutambua kwamba amevuka. Na kuna mengine ambayo humfanya mtu asimame, atazame chini, ameze mate na kujiuliza kama kweli ana haja ya kufika ng'ambo. Daraja la Charles Kuonen, lililo mlimani juu ya kijiji cha Randa nchini Uswisi, ni la aina hii ya pili.

Daraja hilo ni la waendao kwa miguu pekee. Urefu wake ni mita 494, karibu sawa na viwanja vitano vya kandanda vikipangwa kimoja baada ya kingine. Upana wake ni sentimita 65 tu, kwa hivyo watu wawili wakikutana katikati, ni lazima kila mmoja ajibanze upande ndipo wapishane. Palipo juu zaidi, kutoka darajani hadi chini ya korongo ni mita 85. Msomaji anayelijua jumba la KICC jijini Nairobi, ambalo kimo chake ni mita 105, anaweza kukisia. Tofauti ni kwamba ukiwa KICC umezungukwa na kuta. Huku umeshikiliwa na nyaya za chuma, na sakafu unayokanyaga ina matundu kama chekecheo. Ukiinamisha kichwa unaona mawe na miti huko chini, kati ya viatu vyako.

Lilijengwa kwa nini?

Watu wengi hudhani daraja kama hili lilijengwa ili kuwatisha watalii na kuwatoza pesa. Sivyo. Kulivuka ni bure, na lina kazi yake.

Katika milima hiyo mna njia ya miguu iitwayo Europaweg, iendayo kutoka Grächen hadi Zermatt, safari ya siku mbili kwa kawaida. Juu ya Randa njia hiyo hukatwa na korongo ambalo mawe huporomoka mara kwa mara. Mwaka wa 2010 daraja la kwanza lilijengwa hapo, lakini katika mwaka huo huo likaharibiwa na mawe. Kwa miaka saba iliyofuata, wasafiri walilazimika kuteremka mamia ya mita kisha waanze kuupanda mlima upya, kazi ya saa kadhaa.

Ndipo likajengwa daraja la sasa, kwa muda wa wiki kumi hivi, likafunguliwa tarehe 29 Julai 2017 na kupewa jina la mfadhili wake mkuu. Mwendo wa saa kadhaa ukawa wa dakika kumi.

Wakazi wa bonde hilo wanajua kwamba mlima kuanguka si hadithi ya kutisha watoto. Mnamo Aprili na Mei 1991, karibu na Randa, mlima uliporomoka mara mbili. Mamilioni ya mita za ujazo za mawe yaliteremka, yakaziba mto na kufunika reli. Kwa hivyo anayetetemeka darajani akumbuke jambo moja: daraja liliwekwa hapo kwa sababu ardhi yenyewe ndiyo isiyoaminika.

Miguu ilipokataa

Niliupanda mlima huo mwezi wa Agosti nikiwa na dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi nchini humo kwa miaka mingi. Tulishuka kwenye gari moshi katika kituo cha Randa, tukaanza kupanda kupitia msitu wa misonobari. Ni kupanda kwa saa mbili hivi, na njia ni ya mwinuko mkali. Mbele yetu, ng'ambo ya bonde, mlima Weisshorn wenye mita 4,506 ulikuwa umejifunika theluji kama mzee aliyejitanda shuka jeupe.

Tulipofika mwanzo wa daraja, dada alilitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

“Dada, twende?” nikamuuliza.

“Nenda tu, mdogo wangu. Miguu imekataa, na miguu ni yangu. Tutaonana Randa.”

Vijana wawili waliokuwa nyuma yetu hawakujua Kiswahili, lakini walielewa, wakacheka. Dada naye akacheka. Akageuka, akarudi polepole kwa njia ile ile tuliyopandia.

Mimi nilivuka. Hatua za kwanza hamsini zilikuwa rahisi, kwa maana miti bado ilikuwa karibu. Kisha ardhi ikatoweka ghafla, upepo ukavuma kutoka ubavuni, na nikahisi daraja likisogea chini yangu kama mashua iliyofungwa gatini. Mikono ilishika kamba za pembeni bila kuniuliza. Niliyakaza macho kwa mgongo wa mama mmoja aliyenitangulia, nikaenda kama yeye aendavyo. Nilipofika ng'ambo shati lilikuwa limelowa jasho, ilhali hewa ilikuwa baridi.

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Njia zote mbili, ya kurudi na ya ng'ambo, huteremka hadi kijiji kile kile. Yule aliyechekwa alifika Randa kabla yangu, na alikuwa ameshaagiza chai.

Hatari iko wapi?

Je, hofu ya darajani ina msingi? Kwanza, msomaji ajue kwamba daraja la kuning'inia huyumba kwa sababu limeundwa liweze kuyumba. Nyaya hujikunja na kujinyoosha kidogo kufuata uzito wa watu na nguvu za upepo. Mafundi wa Randa waliweka mitambo ya kupunguza myumbo huo, lakini hauishi kabisa.

Hata hivyo, kuyumba kunaweza kuzidi. Daraja la miguu la Millennium mjini London lilifunguliwa Juni 2000 na kufungwa baada ya siku mbili, kwa sababu nyayo za maelfu ya watu zililitikisa kuliko wahandisi walivyotarajia. Lilirekebishwa, na watu wakaanza kulitumia tena mwaka wa 2002. Hakuna aliyefariki.

Huko Morbi, India, mambo yalikuwa tofauti. Jioni ya tarehe 30 Oktoba 2022, daraja la kuning'inia lililojengwa katika karne ya 19 lilikatika likiwa limejaa watu. Lilikuwa limefunguliwa siku chache tu baada ya ukarabati. Zaidi ya watu 130 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Daraja hilo halikuwa la juu sana wala refu sana. Kilichowaua watu ni utunzaji mbaya na msongamano.

Hilo ndilo fundisho. Macho huogopa kimo, lakini akili inapaswa kuuliza mengine: Nani hulitunza daraja hili? Je, lina watu wangapi sasa? Hali ya hewa ikoje?

Kabla ya kwenda

Anayepanga safari ya Randa aende katika miezi ambayo theluji imeyeyuka, kwa kawaida kuanzia Juni hadi mapema Oktoba. Avae viatu vyenye nyayo zinazoshika, abebe maji na koti. Akisikia radi, asikanyage daraja. Chuma kilicho mlimani si mahali pa kungojea mvua ipite. Mwenye ugonjwa wa moyo au kizunguzungu azungumze na daktari wake mapema, maana hata kule kupanda kwenyewe ni kazi.

Akiwa darajani atazame mbele, asitazame chini. Asilitikise kwa mzaha. Na mzazi asimburute mtoto anayelia. Mtoto aliyeburutwa leo huenda akaogopa madaraja maisha yake yote, lakini aliyeruhusiwa kurudi anaweza kuomba mwenyewe kujaribu tena kesho.

Kwa wanaopenda makubwa zaidi, Randa imeshapitwa. Nepal ilifungua daraja la mita 567 mwaka wa 2020. Lile la Arouca nchini Ureno, la mwaka wa 2021, lina mita 516 na kimo cha mita 175. Na Dolní Morava, katika Jamhuri ya Cheki, lilifuata mwaka wa 2022 na mita 721.

Lakini swali la kuvuka au kutovuka ni la mtu mwenye njia mbili. Hapa kwetu wapo watoto ambao mvua ikinyesha na mto ukafurika, hupita juu ya vidaraja vya mbao na waya ili wafike shuleni. Hao hawaulizwi kama wanathubutu. Basi wewe uliyebahatika kuchagua, chagua bila aibu. Ukivuka, vuka kwa tahadhari. Usipovuka, geuka ukiwa umeinua kichwa.