Mimi na Timu Zangu Mbili

Kuna watu, msomaji, ambao hawaamini kabisa kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuwa na timu mbili. Jirani yangu hapa Pangani ni mmoja wao. Yeye ni shabiki sugu wa AFC Leopards, na kila anaponiona nikitoka nyumbani nimevaa fulana ya kijani ya Gor Mahia huku nimebana simu sikioni nikiulizia matokeo ya Isiolo, hutikisa kichwa na kuniambia kuwa mimi ni kama mume wa wake wawili asiyejua chakula cha jioni atakula nyumba ipi. Nami humjibu kwamba mume wa namna hiyo aghalabu hala mara moja, hula mara mbili.

Huo ni utani wa majirani. Lakini mfano wake haulingani na mambo yenyewe. Gor Mahia nilijichagulia mwenyewe, kwa hiari yangu. Timu ya nyumbani sikuichagua hata kidogo. Nilizaliwa nikaikuta, kama mtu anavyowakuta shangazi zake.

Tena sisemi habari ya timu za Uingereza. Siku hizi ukimwuliza kijana wa mjini anashabikia timu gani, atakutajia Arsenal au Manchester United kabla hujamaliza swali. Sina ugomvi naye, maana hata mwanangu yumo humo. Ila ana timu ambayo haitampigia simu usiku kumwomba nauli ya wachezaji.

Gor Mahia ilinifikia kwa redio. Mwaka wa 1987 nilikuwa darasa la sita, nasi tulikaa Bula Pesa. (Kwa wasiokujua kwetu, bula ni mtaa.) Palikuwa na duka moja la mzee ambaye hakujali mpira hata chembe, lakini alijua vyema kwamba umati ukisimama penye redio kwa saa mbili utanunua chai na mandazi. Betri zilipolegea alizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, na kufikia alasiri zilikuwa zimepata nguvu za kutufikisha kipenga cha mwisho. Redio ilikuwa Sauti ya Kenya, ile ambayo mwaka wa 1989 ilikuja kuitwa KBC, na watangazaji wa siku zile, kama vile marehemu Leonard Mambo Mbotela, walikuwa na kipawa cha kumfanya mtoto wa Isiolo auone uwanja ambao hajawahi kuukanyaga.

Desemba ya mwaka huo Gor ilikutana na Esperance ya Tunisia katika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Kule Tunis walikuwa wametoka sare ya 2-2. Hapa Nairobi, uwanjani Kasarani, wakatoka sare tena, 1-1. Kipenga kilipolia, watu wazima waliruka na kukumbatiana, chai ikamwagika, na sisi watoto tukabaki tumeduwaa. Sare na sare, sasa kombe limetoka wapi? Mwalimu mmoja akachukua kijiti, akachuchumaa, akatuchorea vumbini hesabu ya mabao ya ugenini. Nadhani hiyo ndiyo hesabu pekee niliyoielewa mara moja maishani mwangu. Tangu siku ile nahodha Austin Oduor na mfungaji Peter Dawo walikuwa ndugu zangu, ingawa wao hawakupata kujua. Na hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la Afrika.

Nilipokuja Nairobi kutafuta kazi, ndipo nilipogundua kwamba ushabiki wangu ulikuwa kituko. Watu waliniuliza, "Wewe mtu wa Isiolo, Gor umeipatia wapi?" Swali lenyewe lina asili yake. Gor Mahia iliundwa mwaka wa 1968 kwa kuunganisha timu za Waluo, na Leopards ilianza mwaka wa 1964 ikiitwa Abaluhya. Mwaka wa 1980 serikali iliamuru vilabu viache majina ya kikabila, na ndipo Abaluhya ikawa AFC Leopards. Majina yakaondoka, mazoea yakabaki. Mjini mtu akisema Gor, mwenzake hutazama kwanza ukoo wake. Sisi wa Bula Pesa tulichagua kwa sauti ya mtangazaji tu. Mtaani mwetu Gor na Leopards ziligawa ndugu wa tumbo moja, na hapakuwa na Mluo wala Mluhya kati yao. Naona hiyo ilikuwa bahati, na ninaitaja kwa sababu ya yale yatakayofuata.

Sasa nije kwa timu ya nyumbani. Jina lake silitaji, na sababu si siri: limebadilika mara nne nikiwa hai. Akija mgombea wa kiti akaleta jezi, jina linafuata jezi. Jezi zikichakaa, jina linachakaa nazo. Kwa hiyo sisi wenyewe husema "timu" basi, na kila mtu anaelewa.

Uwanja tuliokulia haukuwa na nyasi hata siku moja. Ni changarawe na vumbi, na alasiri upepo wa Isiolo ukianza, mlinda lango anayecheza akiutazama ni sawa na kipofu. Mbuzi walipita wapendavyo. Ngamia akiingia mchezo ulisimama, kwani hakuna refa aliyethubutu kumwonyesha ngamia kadi. Mpira ukienda nje ulichomwa na miiba ya migunga, hivyo mtu muhimu kuliko kocha alikuwa fundi viatu aliyekaa kando na sindano yake, tyubu za akiba na pampu ya baiskeli. Mechi kali kuliko zote zilikuwa dhidi ya vijana wa kambi za jeshi, ambao walikuwa na viatu, maji ya kunywa na mapafu ya kukimbia tangu Jumatatu hadi Jumatatu. Kila tulipowafunga mji haukulala.

Na wachezaji je? Mchuuzi wa miraa, mchinjaji, mwanafunzi wa kidato cha nne, turniboi wa malori ya Marsabit, mtoto wa sheikh na mtoto wa mzee wa kanisa. Isiolo ni mji wa waliokuja. Wanajeshi wa Kisomali walipewa makao pale baada ya Vita Vikuu vya kwanza, na Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru kila mmoja ana hadithi yake ya jinsi alivyofika. Uwanjani pasi iliombwa kwa Kiswahili, lakini aliyenyimwa pasi alilalamika kwa lugha ya mama yake. Mimi hapo ndipo nilipojifunza matusi ya lugha tano, ambayo hayajanifaa popote.

Gor ilinipa raha kubwa mwaka ule wa 1987, lakini pia ilinitesa. Baada ya kutwaa ligi mwaka wa 1995 haikuitwaa tena mpaka mwaka wa 2013. Miaka 18! Mtoto huzaliwa, akasoma, akachukua kitambulisho. Katika miaka hiyo mikavu ni timu ya nyumbani iliyonishika mkono. Kabla ya simu za mkononi, habari zake zilikuja kwa basi. Akina mama wa Isiolo hupeleka maziwa ya ngamia Eastleigh kwa basi, na mimi nilikuwa nikienda kituoni kwa kisingizio cha kununua maziwa, kumbe ninamvizia makanga aniambie tulitoka ngapi. Makanga mmoja alikuwa na tabia mbaya ya kutosema mpaka madebe yote yashuke. Nilimsaidia kushusha madebe mengi sana, bwana yule.

Kisha yakaja ya mwishoni mwa 2011 na mwanzo wa 2012. Wasomaji wengine watakumbuka vichwa vya habari: watu waliuawa Isiolo, nyumba zikachomwa, familia zikahama mtaa mmoja hadi mwingine kutafuta walio wao. Mimi nilikuwa Nairobi nikipiga simu ambazo nyingine hazikushikwa. Sitaeleza siasa zake hapa. Nitaeleza tu lililopata timu.

Mlinda lango wetu alikaa mtaa ambao vijana wa kwetu hawangeweza kuingia, naye hangeweza kuja kwetu. Mabeki wawili walihamia kwa jamaa zao. Kwa majuma mengi hapakuwa na mazoezi, kisha ikasikika kwamba baadhi ya wachezaji wanapiga mpira upande huu na wengine upande ule, na kila kundi linajiita timu. Kila kundi likamwendea mtunza jezi. Huyo ni mzee fundi cherehani, mkali, mwenye maneno machache, aliyezifua na kuzishona kiraka jezi zile kwa miaka mingi bila malipo. Jezi zilikuwa kumi na sita ndani ya gunia.

Mzee akawakatalia wote. "Jezi ni kumi na sita," aliwaambia. "Mkija kumi na sita nitafungua gunia."

Walimbembeleza, wakamtumia wazee wenzake, na kuna waliomtisha. Ninavyoambiwa, siku moja alilala dukani, gunia likiwa mto wake wa kichwa. Hakuwa mtu wa mikutano ya amani, wala hakualikwa. Alishikilia tu hesabu yake. Ilichukua muda, hali ilipotulia kidogo, mpaka nahodha na watu wawili wakamfuata mlinda lango kwao mchana kweupe, wakaketi na mama yake, wakanywa chai, wakarudi naye. Siku gunia lilipofunguliwa hawakuwa kumi na sita. Walikuwa kumi na wanne. Mzee alihesabu, akanyamaza kitambo, akatoa jezi kumi na nne. Mbili zilizobaki alizikunja akazirudisha. Wenyewe walikuwa wamehama Isiolo na hawajarudi hadi leo.

Sidai kwamba mpira hutibu kila kitu. Kule Marsabit wakili Fatuma Abdulkadir Adan, kupitia shirika lake la HODI, aliwatia vijana wa jamii zilizohasimiana katika timu moja baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005, na kazi yake imejulikana hadi ng'ambo. Kwetu hapakuwa na shirika, palikuwa na gunia. Lakini nikimwona mtu akicheka eti timu za vijijini ni mchezo wa watoto, humkumbuka mama yule aliyemruhusu mwanawe atoke nyumbani na vijana watatu wa upande wa pili. Alikuwa akihatarisha mwanawe, wala si mabao.

Siku hizi mambo ni mepesi kiasi. Lami ambayo zamani iliishia Isiolo sasa inakwenda hadi Moyale, na makanga simwitaji tena. Tuna kundi la WhatsApp la wana Isiolo waliotawanyika, na M-Pesa ndiyo hazina yetu: mia mbili za huyu, mia tano za yule, nyavu zikapatikana. Yule anayetoa nyingi ndiye anayetaka pia kupanga kikosi. Na tusidhani ni sisi wadogo tu. Mwaka wa 2019 mfadhili wa Gor na Leopards alipojiondoa, vigogo hao wawili walionja shida zilezile tulizozizoea, na mashabiki wakaanza kuchangishana. Mimi sikushtuka, nilikuwa nina uzoefu.

Swali ambalo jirani yangu hulipenda kuliko yote ni hili: siku zikikutana utakaa upande gani? Zamani nilimwambia hilo haliwezekani, moja iko Ligi Kuu, nyingine iko ngazi za chini kabisa ambako hata jedwali la ligi hulioni gazetini. Lakini kombe la shirikisho halibagui ngazi. Juni 2025 Nairobi United, ambayo msimu huo ilikuwa ikicheza Super League, yaani daraja moja chini ya Ligi Kuu, iliifunga Gor 2-1 katika fainali. Niliumia, sitaficha. Nilikula kimya usiku ule. Lakini mwanangu, ambaye yuko kidato cha pili na hupenda kunichokonoa, akasema, "Baba, kumbe timu yenu ya vumbi nayo inaweza." Nikaacha kula.

Tangu hapo nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Naamini ningevaa fulana yangu ya kijani, maana sina nyingine ya mpira, nikaenda kukaa na watu wa Isiolo. Wangenizomea wote, wa kulia na wa kushoto.

Juzi ujumbe umeingia kundini. Jumamosi timu inasafiri Meru, gari limepatikana lakini nauli imepungua shilingi elfu tatu na mia nne, na kipa mpya hana glavu. Mtunza jezi, ambaye sasa macho yamefifia na hushona kwa kupapasa, ametuma sauti yake mwenyewe kupitia simu ya mjukuu: anauliza ni wangapi wanaosafiri, ili ajue atoe jezi ngapi.

Nimetuma elfu moja. Jirani yangu wa Ingwe, baada ya kunisema sana, ametoa mia tatu.