Mguu wa Mbele

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Kaposia, uwanjani kwa gofu ya visahani, baridi ya kuuma masikio. Visahani vyote vimepanda, vikasita, vikalala kushoto kwenye miti. Shemeji anacheka tu. Eti, "Shem, unarusha kama mtu aliyeona nyoka." Mkono unakwenda mbele, mwili unarudi nyuma, kwa hiyo pua ya kisahani inatazama mbinguni. Najua. Kila mtu ameshaniambia. Kujua si dawa.

Nimenunua kingine, gramu 175. Pesa imekwenda bure.

Jumatatu, 14 Aprili

Zamu ya usiku. Wazee ninaowahudumia wamelala mapema, nami nikaipata korido ya kufanyia zile hatua za mbio za kurushia. Kulia, kushoto kupitia nyuma, kulia kita. Tena, polepole. Ukienda polepole ndipo unaona unapoangukia: hatua ya kati ni ndefu mno. Mguu wa kushoto unatua mbali, uzito unamwagikia ukingo wa nje wa unyayo, nyonga inalipita goti. Hapo hakuna wa kusimama. Uzito ubaki ndani, upande wa kidole gumba. Hatua fupi, bwana. Fupi!

Mzee wa chumba cha mwisho akafungua mlango, akanitazama. Nikamwamkia. Akafunga.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo hakuna mbio. Kusimama na kurusha, basi. Inaudhi, hasa wengine wanapokuja kwenye jukwaa la kurushia na madaha yao. Mkono unasubiri nyuma, mguu wa kulia unakita, uzito unahamia kwake, halafu ndiyo mkono uvute. Si kabla. Mkono wangu una haraka ya nini, sijui.

Na kisahani kimefika karibu palepale ninapofikisha kwa kukimbia! Sasa mbio zote zile zilikuwa za nini? Nimefurahi, halafu nimekasirika, halafu nimefurahi tena.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Pilau, soda, kelele za watoto. Shemeji akaja na hoja yake: hata Yego, yule mrusha mkuki, huanguka. Tukaitafuta video ya mtupo wake wa Beijing, 2015, mita 92.72. Tumeitazama mpaka chai ikapoa. Ni kweli, anaanguka, kifua chini. Lakini anaanguka mbele, kule mkuki unakokwenda, na mkuki umeshaondoka. Mimi naanguka nyuma na kisahani bado kimo mkononi. Hayo si maanguko ya aina moja hata kidogo.

Kilichonishika ni mguu wake wa kushoto. Unakita, unakaza, mwili wote unazuiliwa hapo, na ile kasi haina pa kwenda ila begani, mkononi, kwenye mkuki. Wangu ni wa kulia, kazi ni ileile. Shemeji hakujibu. Akaongeza pilau.

Jumanne, 29 Aprili

Goti. Viatu vyenye meno vilishika zege, unyayo ukabaki, mwili ukazunguka. Barafu, mguu juu ya kiti. Kumbe kukita ni nusu ya kazi tu. Mtupo ukishatoka, vidole viachie, mguu uzunguke juu ya kisigino, la sivyo goti ndilo linalozunguka. Na unyayo usitue umekaa mkingamo kabisa, uelekee mbele kidogo.

Mama watoto hasemi kitu. Ananiletea barafu na hasemi kitu. Afadhali angesema.

Usiku mbaya kazini. Ngazi.

Jumamosi, 10 Mei

Ha! Shemeji, ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, kisahani kikagonga minyororo kikaingia vizuri kabisa, naye akapiga hatua mbele kabla hajatulia. Ndani ya duara lile lazima uonyeshe umesimama imara kwanza, ndipo uvuke alama yako. Nikasema kosa. Kijana tuliyecheza naye akaunga mkono. Mtupo mmoja wa adhabu. Garini hakunisemesha mpaka nyumbani, na mimi nikawasha redio.

Mimi? Nilirusha bila mbio, kila mara nikabaki juu ya mguu wa kulia mpaka kisahani kitue. Si mbali, lakini vinanyooka. Goti bado linauma ngazini. Mbio nitarudia mwezi ujao, likikubali. Viatu vya meno nimempa shemeji.