Mtoto wa Mfalme Aliyefiwa na Mama

Sisi watu wa Kongo tulimjua Mfalme Baudouin akiwa kijana mwenye mavazi meupe, alipotutembelea mwaka 1955. Tukamwita Bwana Kitoko, yaani bwana mzuri. Wengi wetu tulidhani kwamba mtoto wa mfalme hajui machozi. Tulikosea.

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1930, katika nyumba ya Stuyvenberg, mjini Brussels. Mamaye, Astrid, wa ukoo wa wafalme wa Uswidi, aliingia katika Kanisa Katoliki mwaka ule ule. Februari 1934 babu yake, Mfalme Albert wa Kwanza, alianguka katika miamba ya Marche-les-Dames, akafa. Leopold, baba yake, akatawala. Na mtoto wa miaka 3 akapewa cheo cha mrithi, Duke wa Brabant. Cheo kikubwa kwa mtu ambaye bado anafungwa vifungo na yaya!

Tarehe 29 Agosti 1935, huko Uswisi, Leopold mwenyewe alikuwa akiendesha motokari. Ikaacha njia, ikagonga mti. Astrid akafa, naye ana miaka 29. Baudouin alibakiza siku 9 atimize miaka 5. Dada yake, Joséphine-Charlotte, alikuwa na miaka 7. Albert mdogo, miezi 14.

Kwetu yatima huchukuliwa na mama mdogo, akalala mkekani pamoja na watoto wenzake. Yeye alikua mikononi mwa yaya na walimu.

Wabelgiji walizoea kumwona mfalme wao mwenye uso wa huzuni. Walipoziona picha za Kongo walishangaa, maana kwetu alicheka.